Mimina Kwanza, Kagua Baadaye: Ushauri kwa Wanaoanza Kupakia Data

Anayekabidhiwa kwa mara ya kwanza kazi ya kuhamisha data kutoka faili la CSV (maandishi yenye thamani zilizotenganishwa kwa koma au alama nyingine) hadi hifadhidata ya kihusiano (inayopanga data katika majedwali yanayohusiana) hudhani kwamba kazi nzima ni amri moja: COPY kwa anayetumia programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, LOAD DATA kwa anayetumia ile ya MySQL. Amri hizo zipo, tena zina kasi kubwa kuliko kuingiza safumlalo mojamoja kwa amri ya INSERT, lakini faili la maandishi halijui tarehe wala namba. Kila kilichomo ni herufi tu mpaka mtu aamue vinginevyo. Ninachosisitiza ni kwamba uamuzi huo usifanyike wakati wa kupakia.

Tengeneza jedwali la mapokezi ambalo safuwima zake zote ni za maandishi na halina masharti yoyote juu ya thamani, umimine humo faili zima kama lilivyo, kisha ukague na kusafisha kwa SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, kabla ya kuhamishia data kwenye jedwali la kudumu. Ukipakia moja kwa moja, COPY kwa kawaida husimama penye kosa la kwanza na kukataa mzigo wote, hivyo herufi moja iliyojipenyeza kwenye safuwima ya namba hukurudisha mwanzo. LOAD DATA LOCAL, yaani LOAD DATA inayosoma faili lililo kwenye kompyuta yako, hufanya kinyume: hugeuza makosa mengi kuwa maonyo na kuendelea. Mimi huiogopa zaidi hii ya pili, kwa sababu thamani iliyopotoka huingia bila kelele, na asiyeendesha papo hapo amri ya SHOW WARNINGS, inayoonyesha maonyo hayo, hatajua.

Usilifungue faili kwa Excel kisha ukalihifadhi upya. Namba ya utambulisho 00417 itakuwa 417, na namba ndefu itabaki na tarakimu 15 sahihi, zinazofuata zikigeuzwa sifuri. Litazame kwa kihariri cha maandishi, uhakikishe kama ni UTF-8 (mfumo wa kusimba herufi) na kama kitenganishi ni koma au nukta mkato. Idadi ya mistari isikudanganye pia, kwani thamani iliyo ndani ya alama za kunukuu inaweza kuvuka mstari.

Tarehe zinahitaji subira. Hakuna programu inayoweza kukuambia kama 03/04/2024 ni Aprili au Machi. Tafuta katika safuwima hiyo thamani inayozidi 12 upande mmoja, na usipoipata, muulize aliyetoa faili. Nafasi tupu nazo zina utata wake: katika hali ya CSV, PostgreSQL huchukua utupu usio na alama za kunukuu kuwa NULL (alama ya kukosekana kwa thamani) na ule wenye alama kuwa maandishi matupu, MySQL hungoja alama \N ili iweke NULL, na hifadhidata ya Oracle haitofautishi kabisa NULL na maandishi matupu. Kiasi kisichojazwa si sifuri, na anayekigeuza sifuri ameharibu wastani wa ripoti zote zijazo.

Wakati wa kuhamisha, anza na majedwali yanayorejelewa na funguo za kigeni (safuwima zinazoelekeza kwenye rekodi za jedwali jingine), ukiwa ndani ya muamala mmoja (kundi la amri zinazofaulu zote au kufutwa zote), kisha linganisha idadi ya rekodi na jumla ya kiasi na zile za faili. Katika jedwali la mapokezi ongeza safuwima mbili, jina la faili na namba ya rekodi, ili mhasibu akiuliza mwezi ujao kiasi fulani kilitoka wapi, umwonyeshe rekodi yenyewe.