Kwa nyie wawili mnaohamia kwenye gari: pimeni kwanza hiyo mizigo

Nimechoka kuchuchumaa nyuma ya magari ya watu. Kila msimu wanakuja wawili wapya, wameacha kazi au wamechukua likizo ndefu, gari limeshafungwa keria, hema juu, sola juu, madumu manne juu, spea tairi mbili juu, halafu wananiambia "kaka tuangalizie tu kidogo kabla hatujaondoka". Mimi hata huko juu siangalii, napita moja kwa moja nyuma naangalia springi. Zimelala. Nauliza mmepima uzito? Wananitazama kama nimeuliza kilo za bibi harusi mbele ya wakwe.

Sasa nimeona bora niandike mara moja, wa leo wasome na wa mwakani wasome, mnaojijua mnajijua. Namba nimeweka ili mjue nimejitahidi kupanga.

1. Mzani.

Jazeni maji, jazeni tangi, wekeni kila kitu, kaeni wote wawili ndani, mpeleke gari kwenye mzani wa malori. Machimbo ya kokoto wanao, wanaonunua vyuma chakavu wanao, maghala ya nafaka wanao, ombeni kwa upole. Halafu fungua mlango wa dereva usome kile kibati, kuna uzito wa mwisho gari linaoruhusiwa. Toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndo mzigo wenu, na nyie wenyewe mmo humo kwenye hesabu, hili kila mtu analisahau.

Maji lita 1 ni kilo 1, hamna ujanja. Dumu la lita 20 la dizeli linakaribia kilo 17 na dumu lenyewe hujahesabu. Hema la juu la watu wawili ni kilo 50 na kwenda mbele, spea tairi na rimu yake 30 mpaka 40. Jumlisheni wenyewe, mimi nikiwajumlishia mnasema nawatisha.

Na juu ya gari kuna kikomo chake, tofauti na cha gari zima. Kipo kwenye kitabu cha gari, kwa gari nyingi ni kama kilo 75 mpaka 100 likiwa linatembea, na njia mbovu inabidi upunguze tena. Kuna mjanja mmoja alinibishia, eti mbona usiku tunalala watu wawili juu na halibonyei? Bana, gari lililosimama halipigi kona wala halirukii mashimo. Likitembea ndo kila shimo linauzidisha ule mzigo, na uzito ukikaa juu kwenye kona gari linataka kulala ubavu. Vizito viwe chini, katikati ya ekseli mbili (vile vyuma vinavyobeba magurudumu ya mbele na ya nyuma), vimefungwa. Juu weka vitu vikubwa vyepesi.

2. Springi nzito haziongezi ruhusa ya mzigo, na hapa naomba mnivumilie maana ndo mahali penyewe.

Safari yetu kubwa ya kwanza nilifanya kama nyie. Springi za nyuma zilikuwa zimelala, badala ya kujiuliza kwa nini zimelala nikafunga mpya nzito zaidi, gari likanyanyuka likapendeza, nikajiona nimemaliza. Kumbe kile kibati mlangoni hakijabadilika, ekseli ileile, chasisi ileile, breki zilezile, nilichonunua ni muonekano tu. Fundi aliyefunga alinipa agizo moja, ukishatembea kilomita mia tano hivi kaza yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, maana springi mpya zinajipanga na yubolti zinalegea. Nikasema sawa fundi. Spana nilikuwa nayo, tena nilikuwa nayo kwenye maboksi mawili, na sikukaza.

Boksi la pili la spana linatokea wapi? Hapo ndo aibu yenyewe. Mimi na mke wangu tulikaa mezani tukaandika orodha, kila mmoja na boksi lake moja la vitu binafsi, na tukakubaliana kabisa kwamba kwa kuwa tuna sola, jenereta hatubebi. Mimi ndo niliyepiga mstari kwenye neno jenereta. Halafu usiku wa kuondoka nikaizungushia blanketi nikaisukuma chini ya kitanda, kilo 21, na boksi la pili la vifaa nikalipitishia kwenye nafasi ya madumu ya maji. Nilijiambia ni kwa usalama wetu. Mwanaume akitaka kubeba kitu huwa hakosi sababu ya usalama.

Tukaingia barabara ya changarawe, ile iliyojikunja mawimbi mwanzo mpaka mwisho, gari linatetemeka kutwa nzima. Yubolti zikilegea majani ya springi, yale mapande ya chuma yaliyolaliana, yanaanza kucheza, na yakicheza ile kazi ya kuzuia ekseli isirudi nyuma inaachiwa senta bolti peke yake, kibolti cha milimita 10 hivi ambacho kazi yake halisi ni kushikilia majani yakae pamoja. Nikasikia "tak". Moja tu, nikadhani ni jiwe limerukia chini.

Baada ya muda mke wangu akauliza, "Mbona usukani umekaa upande?" Nikaangalia, kweli, gari linaenda mbele moja kwa moja lakini usukani umepinda kulia. Nikamwambia ni upepo unasukuma gari. Upepo! Nje hata jani halitikisiki, na yeye anaona, mimi naona, wote tukanyamaza. Nikaendelea kuendesha hivyohivyo kwa sababu kusimama kungekuwa ni kukubali kuna tatizo, na tatizo likichunguzwa vitu vitashushwa, na vitu vikishushwa blanketi litafunguka. Yaani nilikuwa nimeshalipangia hesabu zote mpaka mwisho, isipokuwa ile ya kusimama.

Kilichotusimamisha ni harufu ya mpira unaoungua. Senta bolti ilishakatika, ekseli upande mmoja imerudi nyuma, tairi linasaga bodi, na pembeni ya tairi pamechunika mpaka nyuzi zinaonekana. Ukiona usukani umepinda na mbele hujagonga kitu, simama, nenda nyuma, pima kwa kiganja nafasi ya tairi na bodi kulia na kushoto. Ningefanya hivyo aliponiuliza, tairi lisingekufa.

Jeki ikawa inazama mchangani kwa uzito, na kibao cha kuweka chini ya jeki hatukuwa nacho (bebeni kibao). Kwa hiyo shusha kila kitu. Mke wangu alikuwa na ule mzani mdogo wa kuning'iniza wa kupimia mabegi ya ndege, akaanza kupima kitu kimoja kimoja na kuandika kilo kwa makapeni juu ya kila boksi, hasemi neno, anaandika tu. Vitu vikapangwa mstari pembeni ya barabara. Tochi saba. Viti vinne, watu wawili. Tenti ya ziada ya kulala wageni, wageni gani huko? Akafika chini ya kitanda.

"Hiki nini?"

"Jenereta."

"Na ile sola ni ya nini?"

Sikuwa na jibu, nikaingia chini ya gari, na nilikaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Matengenezo yenyewe: unanyanyua chasisi, sio ekseli, uzito utoke kwenye springi, unalegeza yubolti, unairudisha ekseli mahali pake, unaingiza senta bolti mpya. Mpya hatukuwa nayo. Nikatoa bolti moja ya keria, kichwa chake hakikukaa sawasawa kwenye tundu la ekseli, nikavuta ekseli kwa mkanda wa kufungia mzigo, nikazungushia na mnyororo, tukaondoka kwa gia ya kwanza na ya pili mpaka tukapata karakana. Na kwa sababu springi za saizi ile hazikuwepo pale tukakaa kusubiri, na wakati tunasubiri ile njia ya milimani ambayo mwenzangu ndo aliipangia safari nzima ikafungwa kwa msimu. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua.

Ila tuseme ukweli wote, kwenye ule mstari wa vitu na yeye alikutwa na lake. Sufuria la chuma cha kusubu na mfuniko wake, limefichwa katikati ya nguo, kilo 6. Jenereta iliachwa palepale karakana, sufuria bado tunasafiri nalo mpaka leo, na mimi sina ubavu wa kuligusia.

Kwa hiyo namba mbili ni hii: kila mmoja apakue boksi la mwenzake, sio lake. Na kazeni yubolti.

3. Upepo wa tairi pimeni asubuhi tairi likiwa baridi, likishatembea geji inakudanganya. Mchangani punguzeni kabla ya kunasa, sio baada, na mkirudi lami jazeni hapohapo maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linachemka mpaka linapasuka. Someni pia zile namba nne ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, tairi zuri kwa macho linaweza kuwa zee.

4. Nati za tairi, ukishabadilisha pancha kaza tena baada ya kilomita 50 mpaka 100. Hili nalisema kila mara na kila mara linapuuzwa.

5. Msilale kwenye korongo kavu. Najua pametulia, mchanga laini, kuna kivuli. Mvua inanyesha mbali sana huko juu, kwenu nyota zinawaka, maji yanafika usiku. Ukiona magogo yamenasa kwenye matawi juu ya kichwa chako, ujue maji ndo yaliyoyaweka pale.

6. Kupika au kuwasha jiko la mkaa ndani ya gari mlilofunga vioo ni kujiua, hewa yake yenye sumu (kaboni monoksaidi) haina rangi wala harufu, unasikia usingizi basi. Hata likiwa linazimika, makaa bado yanatoa hiyo sumu, usiliingize ndani eti mpate joto. Nunueni kile kidude cha kugundua hiyo hewa, kifungeni mnapolala. Na mtungi wa gesi ukivuja, gesi inatambaa chini sakafuni, kwa hiyo tundu la kupitishia hewa liwe chini.

Vioo viwili acheni wazi kidogo usiku, cha upande huu na cha upande ule. Pumzi zenu wawili zinalowesha godoro, baada ya muda ukiligeuza unakuta limeota ukungu mweusi, hapo ndo watu wanaanza kuulizana nani anakoroma mdomo wazi.

7. Betri. Ya kawaida ya risasi na asidi ikisoma volti 12.1 hivi ikiwa imetulia imeshafika nusu, isishuke hapo mkitaka idumu. Ya litiamu inashuka zaidi bila shida lakini isichajiwe chini ya nyuzi 0, na hilo wenye kuuza huwa wanalisema kwa sauti ndogo. Betri ya kuwashia gari itenganisheni kabisa na ya friji. Friji ipozeni kwenye umeme wa nyumbani siku moja kabla, ikiwa imejaa.

8. Kuishi.

Hapa nilitaka kuandika mengi, mke wangu kasoma akasema futa, hujui kitu. Yaliyobaki ndo haya.

Tafuteni pa kulala masaa mawili kabla ya jua kuzama, maana ugomvi mwingi wa wenza barabarani hutokea kati ya magharibi na usiku, wote mna njaa, mmoja anasema tuendelee kidogo mbele patakuwa pazuri zaidi. Hapawi. Egesheni gari uso ukielekea njia ya kutokea, ufunguo mahali pamoja panapojulikana.

Mnaporudi nyuma, anayeelekeza akae kwenye kioo cha upande wa dereva, atumie mikono, asipige kelele, na akipotea kwenye kioo dereva anasimama palepale. Tumeshawahi kuona watu wanarudi nyuma huku mmoja anasema njoo njoo njoo halafu paa, na baada ya hapo wakala kila mtu na sahani yake upande wake wa gari.

Kila mmoja ajue kuendesha, kubadilisha tairi na kuwasha jiko. Sio mimi dereva wewe mpishi, siku dereva akishikwa homa mtafanyaje? Na siku moja moja msiende popote, mmoja atembee peke yake, mwingine abaki na kitabu chake. Chumba ni kimoja na kina milango minne, itumieni.

9. Spea. Fenibelti, mipira ya rejeta, fyuzi za kila saizi, injini oili, waya, geji ya upepo, pampu, kibao cha jeki. Na senta bolti mbili na nati zake, za saizi ya springi mlizofunga nyie, sio za zile zilizokuja na gari.