Treni za BNSF kwenye reli ya Union Pacific

Ukiona treni za BNSF, kampuni ya reli ya Marekani, kwenye njia ya Denver hadi Salt Lake City, unaweza kudhani imeinunua njia hiyo. Hapana, haijainunua. Reli ni ya kampuni nyingine, Union Pacific (UP), BNSF inalipia kupita tu. UP ilipoimeza kampuni ya reli ya Southern Pacific mwaka 1996, Surface Transportation Board, bodi ya serikali inayosimamia reli, iliweka sharti: BNSF ipewe haki ya kupitisha treni kwenye zaidi ya kilomita 6,000, ili wenye mizigo waliokuwa na kampuni mbili za kuchagua wasibaki na moja. Ndiyo maana unaona vichwa vya treni vya BNSF, vya rangi ya chungwa, vikiingia handaki la Moffat, milimani kwenye njia hiyo. Ila anayepanga nani apite kwanza ni UP, na milima ile ni mikali. Kwa hiyo mzigo wa haraka wa Chicago–California BNSF huupitisha kwenye reli yake yenyewe, kupitia New Mexico.