Papa wa kilindini akishanaswa, kumrudisha majini kunatosha?

Swali: Mwalimu, jambo. Niko mwaka wa mwisho wa masomo ya uvuvi hapa Bukavu. Kazi yangu ya kumaliza inahusu papa wa kilindini wanaonaswa na meli zinazotafuta samaki wengine. Mwenzangu ananiambia wavuvi wamtoe tu kwenye ndoana na kumrudisha baharini akiwa hai, yaishe. Inatosha?

Jibu: Jambo dada. Haitoshi, na ningependa kazi yako ianzie hapo hapo.

Sisi wa Kivu tunapata tabu kuwaza uhai wa kilindini. Ziwa letu lina kina cha mita 485, lakini samaki wetu wadogo, sambaza, hukaa maji ya juu tu. Ukipita mita 70 hivi oksijeni imekwisha. Baharini sivyo. Katika Atlantiki ya kaskazini-mashariki, mita 1,000 chini, gizani na kwenye baridi, wako papa wenye macho makubwa ya kijani, na wanaishi pamoja na samaki wale wale ambao meli zinawafuata.

Papa hana kibofu cha hewa, kwa hiyo havimbi tumbo kama samaki wengine wakivutwa juu haraka. Hilo ndilo linalomdanganya mwenzako: ukimtazama pale sitahani anaonekana mzima. Kumbe amehangaika na ndoana kwa saa nyingi, ametolewa kwenye baridi na giza akaletwa kwenye joto na jua, na sasa amelala kwenye mbao, matamvua hayapati maji. Wengi hufa baada ya kuachiliwa, huko ambako hakuna anayewaona. Na pengo lao halizibiki upesi: papa wengine wa jamii ya Centrophorus huzaa mtoto mmoja tu kwa mimba moja.

Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliweka kiwango cha kuwavua papa wa kilindini kuwa sifuri. Naiunga mkono sheria hiyo, ila inabana kile kinacholetwa bandarini. Papa aliyekwisha kufa kwenye ndoana hutupwa baharini tu. Hatua ya 2016 naiona ina nguvu zaidi: ilikataza nyavu za kukokota sakafuni kwenye kina kinachozidi mita 800 katika maji ya Umoja huo Atlantiki. Wavu usipofika anakokaa papa, hakutakuwa na papa wa kurudishwa.

Kwa mshipi mrefu, yaani kamba ndefu yenye ndoana nyingi, fikra ni ile ile. Huko Madeira, kisiwa cha Ureno katika Atlantiki, wavuvi wa espada mweusi, samaki mrefu wa kilindini, huuacha mshipi uelee juu ya sakafu, hivyo ndoana haziburuzwi mbele ya papa wanaojitafutia chini. Angalia pia kile kipande kifupi kinachoshika ndoana. Kikiwa cha waya, papa hana pa kutokea. Kikiwa cha nailoni, meno yake huikata. Ataondoka na ndoana mdomoni, ni kweli, lakini ataondoka akiwa bado huko chini kwake. Mshipi ukikaa majini saa chache, anayenaswa hachoki sana.

Akishafika juu, kamba ikatwe karibu na mdomo, yeye akiwa bado majini. Asiinuliwe kwa mkia kamwe.

Katika madaftari yako ya takwimu, usiridhike na kilo zilizopimwa bandarini. Andika kina cha kila mshipi na muda uliokaa majini, kisha safu ya pekee kwa papa waliotupwa: wangapi walikuwa hai, wangapi walikuwa wamekufa.