Bata wanatoka weusi kwenye picha

Pole dada. Unasema bata wa bwawani kwenu Mufindi wanatoka weusi, rangi zote zimepotea. Nadhani unapiga picha jua likiwa mbele yako, tena umesimama juu ya tuta. Nenda asubuhi, ukungu ukishainuka, jua liwe mgongoni. Lala kifudifudi kwenye nyasi, kamera ikaribie usawa wa maji, ulenge jicho la ndege. Yule mwenye mdomo wa njano ana baka la kijani linalong'aa kwenye bawa. Akimaliza kuoga hujiinua na kupiga mbawa. Msubiri hapo, kasi ya kamera iwe 1/1000 ya sekunde au zaidi. Vaa koti zito, Juni kule baridi inakata! Na tafadhali, usiwavute kwa mkate, unawadhuru.