Muulize Mwalimu Mstaafu: Sehemu, desimali na risiti ya umeme

Mbukwenyi! Barua za mwezi huu karibu zote ni za Hisabati. Nadhani ni kwa sababu majaribio yamesahihishwa na madaftari yamefika nyumbani. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana imenigusa pabaya.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Hisabati Darasa la Tano wilayani Bahi, watoto 94 katika chumba kimoja. Mwezi uliopita niliwapa jaribio la sehemu, desimali na asilimia, maswali 20 ya kuchagua A hadi D. Watoto 61 walipata 10 na kuendelea, nikafurahi. Wiki mbili baadaye nikaandika ubaoni maswali 6 kati ya yaleyale, safari hii bila machaguo. Waliopata hata 3 walikuwa 17 tu. Niamini jaribio lipi? Na nitatungaje jaribio la kweli wakati karatasi za kuchapa hakuna?
*Mwalimu wa Darasa la Tano, Bahi*

Marahaba mwanangu. Amini la pili, ila la kwanza usilichome moto, lina kazi yake.

Tuanze na hesabu ya kubahatisha. Mtoto asiyejua chochote, akisiliba kwa mtindo wa ana ana ana do, kwenye maswali 20 ya machaguo manne anaokota kama 5 hivi. Mwenzake anayejua 7 tu akabahatisha yale 13 yaliyobaki anaongeza kama 3, anafika 10, naye anaingia katika wale 61 waliokufurahisha. Kwa hiyo 10 kati ya 20 haikuambii kwamba anajua nusu ya ulichofundisha. Anajua kama theluthi, na bahati imemsukuma.

Lakini shida kubwa iko kwenye machaguo yenyewe. Wengi wetu tukitunga swali la kuchagua tunaandika jibu sahihi, halafu tunajaza namba tatu zozote zinazotujia kichwani, chai ikipoa pembeni. Hapo umepoteza nafasi. Kila jibu la uongo linatakiwa liwe mwisho wa njia ambayo mtoto kweli hupita. Chukua 1/2 + 1/3. Weka 2/5 kwa yule anayejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini). Weka 2/6 kwa aliyekumbuka KDS (kigawe kidogo cha shirika) ni 6 lakini akasahau kubadilisha viasi. Weka 1/6 kwa aliyezidisha, au aliyetoa badala ya kujumlisha. Halafu weka 5/6. Sasa ukisahihisha usiishie kuhesabu waliopata. Hesabu wangapi wako A, wangapi B. Wakiwa 40 kwenye 2/5, kesho unajua pa kuanzia. Wakiwa 40 kwenye 2/6, somo la kesho ni jingine kabisa, tena ni fupi, maana hao wamebakiza hatua moja.

Hiyo 2/5 nina deni nayo. Mwaka 1989 nilikuwa nafundisha kijiji kimoja upande wa Kondoa. Kijana mmoja akaniletea 1/2 + 1/3 = 2/5, nikampiga mkasi mwekundu wa nguvu. Hakulia. Alifungua daftari kurasa mbili nyuma, akaweka kidole kwenye mwandiko wangu mimi mwenyewe: jaribio la Jumatatu 7/10, la Ijumaa 12/20, na chini yake, kwa wino uleule mwekundu, *Jumla 19/30*. Akaniuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, mbona wewe ulijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini?" Sikuwa na jibu. Nikamtuma akagonge kengele, ile rimu ya gari tuliyoitundika kwenye mkwaju, ingawa mapumziko yalikuwa bado dakika kumi.

Ni kweli, mwalimu mwenzangu. Tunawafundisha kosa kwa kalamu nyekundu kila wiki, kisha tunawaadhibu wakilirudia. Alama 19 kati ya 30 ni hesabu ya maswali: 10 ya Jumatatu na 20 ya Ijumaa, umeyaweka fungu moja. Ila 1/2 na 1/3 za kwenye jumlisho letu ni vipande vya kitu kimoja kilekile. Nusu ya chapati ukiiongezea theluthi ya chapati hiyohiyo huwezi kubaki na 2/5, kwa sababu 2/5 ni ndogo hata kuliko ile nusu uliyoanza nayo. Umeongezewa chakula, sahani ikapungua? Tangu siku ile alama zote nimeziandika kwa maneno, *19 kati ya 30*, bila mstari. Jaribu na wewe.

Sasa habari ya karatasi. Kata karatasi za daftari vipande vinne vinne. Watoto 94 wanahitaji karatasi 23 na nusu (hilo nalo ni swali, wape). Andika swali moja tu ubaoni, kila mtoto aandike jina, jibu na njia kwenye robo yake. Ukizikusanya usitoe alama. Zipange mezani kwa mafungu, majibu yanayofanana pamoja. Dakika 15 zinatosha, na utashangaa: majibu 94 hukaa kwenye mafungu manne au matano tu, na vijikaratasi vichache vya watoto walioota ndoto zao wenyewe. Swali moja la namna hiyo kila Jumanne na Alhamisi ni bora kuliko 20 za mwisho wa mwezi.

Ukiuliza sehemu ipi kubwa, uliza kwa jozi. Kati ya 3/8 na 3/5, anayetazama ukubwa wa namba atasema 3/8, umemwona. Lakini yuko mwingine aliyekariri kwamba "asili ikiwa ndogo sehemu ni kubwa", huyo atasema 3/5 na utampa vema ya bure. Mfuatishie 2/3 na 5/6. Kanuni yake itampeleka kwenye 2/3, na hapo naye umemwona.

Mwalimu, habari za kustaafu? Mwanangu wa Darasa la Tano aliandika kwamba 0.25 ni kubwa kuliko 0.3, mwalimu wake akampa kosa. Nilitaka kwenda shuleni kesho yake asubuhi, maana kati ya 25 na 3 hata mtoto wa chekechea anajua ipi kubwa. Baba yake akasema nikuulize wewe kwanza.
*Mama wa Nkuhungu*

Mshukuru sana baba yake.

Chukua futi kamba ya fundi nguo, itandaze mezani mpaka sentimita 100. Hiyo ni mita 1. Sasa 0.3 ya mita ni sentimita 30, na 0.25 ya mita ni sentimita 25. Weka kidole kimoja hapa na kingine pale, muite mtoto aone. Ile 3 imesimama kwenye sehemu za kumi, na kila sehemu moja ya kumi ina ndani yake sehemu kumi za mia. Kwa hiyo 0.3 ni sawa na 0.30.

Lawama nyingine ni ya midomo yetu. Tunasoma "sifuri nukta ishirini na tano", na sikio la mtoto linabaki na ishirini na tano. Mfundishe kusoma "sifuri nukta mbili tano".

Simlaumu sana mtoto, wala wewe. Nilipokuwa mdogo dukani kulikuwa na sarafu za senti 5, senti 20 na senti 50, na kila mtoto aliyetumwa chumvi alijua kwamba shilingi moja na senti 30 ni nyingi kuliko shilingi moja na senti 25. Hatukufundishwa, tuliogopa kuibiwa chenji. (Ile senti 50 tuliiita sumni, neno linalotokana na thumni, yaani moja ya nane, wakati senti 50 ni nusu shilingi. Wazee nao walikuwa na sehemu zao.) Mtoto wa leo sarafu ndogo anayoijua ni ya shilingi 50, na hajawahi kuona kitu kidogo kuliko shilingi moja. Kwake desimali imezaliwa ubaoni.

Walimu mnaosoma hapa, kwenye desimali pia tumieni jozi. Swali la 0.7 na 0.4 halimkamati mtu. Swali la 0.7 na 0.35 linamkamata anayesema 35 ni kubwa kuliko 7. Ila kuna watoto waliosikia kwamba sehemu za mia ni ndogo kuliko sehemu za kumi, wakahitimisha kwamba desimali ndefu daima ni ndogo. Hao 0.7 watapata, tena kwa kujiamini. Wawekeeni 0.62 na 0.4 muone.

Natunga jaribio la asilimia la Darasa la Sita. Mifano ya vitabuni ni riba ya benki na punguzo la bei dukani, na watoto wangu hapa Kibaigwa hawajawahi kuingia benki. Nitumie nini?
*Mwalimu wa kike, Kibaigwa*

Mwanangu, umekaa Kibaigwa, kwenye soko la mahindi linalojaza malori, na unaniuliza mimi? Uliza unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi makavu yasizidi unyevu wa 13.5%. Kwenye kilo 100, maji ni kilo ngapi? Kwenye kilo 50? Kwenye kilo 20? Hapo asilimia na desimali zimekutana ndani ya gunia moja. Halafu hili la pili usiwape watoto, ni lako wewe na chai ya jioni: mahindi kilo 100 yenye unyevu wa 20% yakianikwa mpaka 13.5%, yatabaki kilo ngapi? Ukisema 93.5 umeanguka. Kitu kikavu ni kilo 80, hakipungui, na sasa hizo 80 ndizo 86.5% ya uzito mpya. Gawanya, utapata kama kilo 92 na nusu. Mfanyabiashara anayejua hilo na mkulima asiyejua wakikutana kwenye mizani, unajua nani anarudi nyumbani anaimba.

Kitu cha pili kipo kwenye simu ya mzazi yeyote mwenye umeme: risiti ya LUKU. Ninayo ya kwangu hapa, sh 10,000, uniti 28.1. Chini yake imeandikwa gharama 8,196.72, VAT 18% 1,475.41, EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) 1% 81.97, REA (wakala wa nishati vijijini) 3% 245.90. Jumlisha, utapata 10,000 kamili mpaka senti. (Mwezi wenye makato ya kodi ya jengo utaona vingine, chagua risiti isiyo nayo.)

Wape watoto risiti hiyo na swali moja: 18% ya 10,000 ni 1,800, mbona hapa imeandikwa 1,475.41? Kisha kaa kimya. Usiwasaidie. Wapo watakaosema mashine imekosea, wapo watakaosema tumeibiwa, na mmoja au wawili watauliza, "Asilimia 18 ya nini?" Wakishauliza hivyo kazi imekwisha, maana 18% ni ya 8,196.72, na ile 1% na ile 3% vilevile. Mimi nilikuwa natoa alama kwa swali la mtoto kama jibu lilivyo. Mtaaluma wetu hakupenda. Alisema swali haliingii kwenye fomu ya matokeo.

Wasiokuwa na umeme nyumbani waandikie risiti ubaoni. Tumia namba nyepesi: gharama 5,000, kisha wao waongeze 18%, 1% na 3% wenyewe. Wakifika 6,100 wako sawa. Atakayejumlisha 22% kwanza ndipo azidishe mara moja, mtazame vizuri, huyo anafikiri.

Shikamoo babu. Mimi kwenye mtihani nikikuta sehemu naigeuza kuwa desimali kwanza, kwa sababu desimali ni rahisi. Dada yangu anasema nitaumia. Je, ni kweli?
*Darasa la Sita, Chamwino*

Marahaba mjukuu wangu. Inategemea umekutana na nani. 3/4 igeuze, ni 0.75, haina ubishi. 2/5 ni 0.4, nayo haina shida. Sasa gawanya 1 kwa 3. Utaandika 0.3333 mpaka kengele inalia na msimamizi anachukua karatasi. Ukiikata njiani ukasema 0.33, kisha ukaulizwa 1/3 ya 24, utapata 7.92, wakati jibu ni 8 na mtoto wa Darasa la Nne amelipata kwa kugawanya tu.

Kabla ya kugeuza, rahisisha sehemu mpaka mwisho, kisha tazama asili. Ikijengwa na 2 na 5 peke yake, kama 4, 8, 20 au 25, geuza, itaisha. Ikibaki na 3 au 7 ndani yake, iache ilivyo, fanya kazi kwa sehemu.

Zingatia neno *rahisisha*. Jaribu 7/28 leo jioni, ukianza kusema haikubali kwa sababu ina 7, rudi usome mstari wa juu. Ukiipata mwoneshe dada. Ile ya 1/3 usimwambie kwamba nimesema yuko sahihi.