Uliza Tukujibu: Jibu Langu na la Kitabu Hayafanani

Barua za safari hii zina kilio kimoja: fomula imetumika, hesabu imekwenda vizuri, mwisho jibu linakataa. Kabla ya kufuta ukurasa na kuanza upya, pima kwanza umekosea kwa kiasi gani. Gawanya jibu lako kwa lile la kitabu, au toa moja kwenye jingine. Namba utakayoipata mara nyingi inataja kosa lilikoingilia.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nasoma diploma ya maabara. Zoezi linasema cm³ 25.0 za hidroksidi ya sodiamu (NaOH) yenye ukolezi wa 0.100 M (moli kwa dm³) zilihitaji cm³ 20.0 za asidi ya salfuriki (H₂SO₄) ili kiashiria kibadilike rangi. Tutafute ukolezi wa asidi. Nimepata 0.125 M, mwongozo unasema 0.0625 M. Nimerudia na kurudia, kikokotoo kinanipa kilekile.
*Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Marahaba. Kikokotoo hakijakosea. Jibu lako ni mara mbili kamili ya la mwongozo, na katika hesabu za titresheni (kupima ukolezi kwa kuchanganya asidi na alkali hadi zimalizane) mara mbili kamili maana yake ni kwamba umeuruka mlinganyo. Umechukua ukolezi mara ujazo wa upande mmoja ukaulinganisha na wa upande wa pili, kana kwamba moli moja ya asidi inakula moli moja ya alkali. Kwa asidi ya hidrokloriki ungepona. Kwa salfuriki huponi, kwa sababu kila molekuli yake inatoa hidrojeni mbili:

2NaOH + H₂SO₄ → Na₂SO₄ + 2H₂O

Pita njia ya moli, hata kama fomula ya mkato unaikumbuka. Moli za NaOH ni 0.100 × 25.0 ÷ 1000 = 0.00250. Asidi iliyotumika ni nusu yake, yaani moli 0.00125. Zimo ndani ya cm³ 20.0, ambazo ni dm³ 0.0200, kwa hiyo ukolezi ni 0.00125 ÷ 0.0200 = 0.0625 M. Wakitaka gramu kwa dm³, zidisha kwa 98, ambazo ni gramu za moli moja ya H₂SO₄, upate 6.125.

Kuna mtego mwingine ambao watunga mitihani wanaupenda. Wakisema asidi ya mwanzo ilichukuliwa cm³ 10 ikaongezwa maji hadi cm³ 250, basi 0.0625 M ni ya asidi iliyozimuliwa, si ya ile ya chupani. Imezimuliwa mara 25, kwa hiyo ya chupani ni 0.0625 × 25, ambayo ni karibu 1.56 M. Ukiona jibu lako limepungua mara 10, 20 au 25, rudi kwenye sentensi ya kwanza ya swali. Utakuta maji yaliongezwa nawe hukuyaona.

Na kwa kuwa uko maabara, tofautisha makosa ya hesabu na makosa ya vyombo. Bureti isuuzwe kwa asidi ileile itakayotiwa ndani. Ukiisuuza kwa maji tu, matone yanayobaki yanaizimua asidi, utaitumia nyingi zaidi, na ukolezi utakaokokotoa utakuwa mdogo kuliko wa kweli. Flaski ya koniki ni kinyume chake: isuuze kwa maji, hata ikibaki na unyevu haidhuru, kwa sababu moli za alkali zimeshapimwa na pipeti. Ukiisuuza kwa alkali umeongeza moli ambazo hazimo kwenye hesabu zako. Usomaji wa kwanza wa kukisia usiuingize kwenye wastani. Chukua ile inayokaribiana ndani ya cm³ 0.1.

SWALI: Birika la umeme la wati 1,500 linachemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100. Litachukua muda gani? Mimi nimepata sekunde 0.42, mwenzangu kapata dakika 32 na nusu. Tunajua wote tumekosa.
*Wawili wa chuo cha ufundi, Mombasa*

JIBU: Angalau mmejua, maana wapo wanaokusanya sekunde 0.42 na kwenda kulala. Lita 2 za maji ni kilo 2. Kilo moja ya maji hutaka jouli 4,200 kupanda nyuzi moja, kwa hiyo joto linalohitajika ni 2 × 4,200 × 75 = jouli 630,000. Gawanya kwa 1,500: sekunde 420, yaani dakika 7.

Wewe umekosea mara 1,000 kamili. Ulitumia 4.2, ambayo ni kilojouli, halafu ukagawanya kwa wati, ambazo ni jouli kwa sekunde. Mwenzako ameongeza 273 kwenye tofauti ya nyuzi, akazidisha kwa 348 badala ya 75. Hiyo 273 huongezwa kwenye kipimo cha joto chenyewe. Tofauti ya nyuzi 75 za Selsiasi ni kelvini 75 vilevile.

Swali likiendelea kusema birika lilichukua dakika 9, basi umeme ulioingia ni 1,500 × 540 = jouli 810,000, na ufanisi ni 630 ÷ 810, karibu asilimia 78. Kilichobaki kimepasha birika lenyewe na hewa. (Wasomaji wa Nairobi: kwenu maji huchemka karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, lakini kwenye mtihani fuateni namba iliyoandikwa.)

SWALI: Habari za kazi. Urari wangu wa hesabu haulingani, tofauti ni sh. 54,000. Nimepitia leja yote mara mbili sioni kosa. Nianzie wapi?
*Mwaka wa kwanza, uhasibu, Mwanza*

JIBU: Usianzie kwenye leja. Anza na hiyo 54,000.

Kwanza jumlisha upya safu zote mbili za urari, ya debiti na ya krediti, kutoka chini kwenda juu. Ikibaki ileile, tazama kama sh. 54,000 ipo mahali popote kama kiasi kamili. Kama ipo, huenda upande mmoja wa muamala haukuandikwa. Na kama ni thamani ya bidhaa zilizobaki mwisho wa mwaka, umeiingiza kwenye urari wakati kwa kawaida haimo. Iliyomo ni ya mwanzo wa mwaka. Ya mwisho hutajwa chini ya urari kama maelezo ya ziada, na wanafunzi wengi huichomeka upande wa debiti kwa sababu tu wameiona kwenye karatasi.

Halafu igawanye kwa 2: 27,000. Tafuta kiasi hicho. Ukikiona, kuna uwezekano mkubwa kimekaa upande usio wake, maana kiasi kikihama upande, tofauti huwa mara mbili yake. Wanaohama mara kwa mara ni hawa: punguzo ulilotoa kwa mteja (debiti), punguzo ulilopewa (krediti), bidhaa zilizorudishwa na wateja (debiti), na fedha alizochukua mwenye biashara kwa matumizi yake (debiti).

Mwisho igawanye kwa 9: 6,000, bila baki. Hapo ndipo tungeweka dau letu. Tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi huletwa na tarakimu zilizobadilishana nafasi. Sababu ni ya hesabu tupu: tarakimu a na b zikibadilishana, (10a + b) − (10b + a) ni 9(a − b). Hiyo 6,000 inakwambia zaidi: tarakimu zinapishana kwa 6, na zimekaa kwenye makumi elfu na maelfu. Tafuta 82,000 iliyoandikwa 28,000, au 71,000 iliyoandikwa 17,000, au 93,000 iliyoandikwa 39,000. Sifuri iliyodondoka nayo huacha alama hiyohiyo: 60,000 ikiandikwa 6,000, tofauti ni 54,000.

Urari ukilingana usishangilie mapema. Muamala uliosahaulika pande zote mbili hauonekani humo, wala malipo ya matengenezo ya gari yaliyoingizwa kwenye akaunti ya magari.

SWALI: Zoezi la fedha: mkopo wa sh. 1,200,000, riba asilimia 2 kwa mwezi, unalipwa miezi 12 kwa marejesho sawa. Mimi nimepata rejesho la sh. 124,000. Kundi zima limepata 113,472. Nimezomewa, lakini hesabu yangu naiona sawa.
*Mwanafunzi wa biashara, Arusha*

JIBU: Hesabu yako ni sawa kwa mkopo wa aina nyingine. Wewe umetoza riba juu ya deni la mwanzo kwa miezi yote: 24,000 × 12 = 288,000, ukajumlisha na 1,200,000, ukagawanya kwa 12. Wenzako wametoza riba juu ya salio linalopungua. Aina zote mbili zipo mtaani na kwenye mikataba. Kwa mtihani, kama swali halisemi riba inatozwa kwenye deni la mwanzo, chukua salio linalopungua, na andika dhana hiyo mstari wa kwanza wa jibu lako.

Fomula yao ni: rejesho = deni × r ÷ (1 − (1 + r)⁻ⁿ). Hapa r, riba ya mwezi, ni 0.02 na n, idadi ya miezi, ni 12. (1.02)⁻¹² ni 0.788493, kwa hiyo chini panabaki 0.211507, na 24,000 ÷ 0.211507 ni 113,472. Usikate desimali mapema. Ukiandika 0.21 badala ya 0.211507, rejesho linapanda hadi 114,286, na jedwali lako halitafika sifuri.

Jedwali ndilo kipimo. Mwezi wa kwanza riba ni 24,000, deni linapungua 89,472, salio 1,110,528. Mwezi wa pili riba ni 22,211, deni linapungua 91,261, salio 1,019,267. Wa tatu riba ni 20,385, salio 926,180. Endelea hadi wa kumi na mbili. Salio la mwisho likikosea kwa shilingi chache ni kukadiria tu, rekebisha rejesho la mwisho. Likikosea kwa maelfu, kuna mwezi umechukua riba ya salio lisilo lake.

Kwenye Excel andika =PMT(2%,12,-1200000). Kompyuta nyingine zinataka nukta mkato badala ya mkato. Makosa yanayozoeleka ni mawili: kuandika 2 bila alama ya asilimia, ambayo ni riba ya asilimia 200, na kuweka riba ya mwaka pamoja na idadi ya miezi.

Ukitaka kuwajibu waliokuzomea, waonyeshe hili. Mkopo wako unaitwa wa asilimia 2, lakini andika =RATE(12,-124000,1200000) uone: unatoka karibu asilimia 3.48 kwa mwezi. Unamlipisha mkopaji riba ya 288,000, wakati kwa njia yao ni karibu 161,660. Anayekopa asome kifungu hicho kabla ya kusaini.

SWALI: Nimeandika programu ya Python iondoe alama zote zilizo chini ya 40. Haitoi kosa lolote, lakini 38 inabaki! Hii ndiyo programu yenyewe:

```
alama = [35, 38, 72, 39, 81]
for a in alama:
    if a < 40:
        alama.remove(a)
print(alama)
```

Inachapisha [38, 72, 81].
*Msomaji wa Morogoro*

JIBU: Sharti lako ni sahihi. Tatizo ni kwamba unapunguza orodha huku unaipitia. Python haikumbuki "nimeshaiona 35"; inakumbuka namba ya nafasi tu. Ifuate kwa kalamu. Nafasi 0 ina 35, inaondolewa, na vyote vinasogea kushoto: [38, 72, 39, 81]. Sasa inakwenda nafasi 1, ambako pana 72. Ile 38 imehamia nafasi 0, na huko harudi mtu. Nafasi 2 ina 39, inaondolewa. Nafasi 3 haipo tena, kitanzi kinaisha.

Ndiyo maana kosa hili hujificha: alama mbovu zisipofuatana, programu inatoa jibu sahihi, unaamini imepona. Jaribu makusudi orodha yenye mbili zinazofuatana, yenye mbovu tupu, na isiyo na kitu. Dawa yake ni kutengeneza orodha mpya:

```
alama = [a for a in alama if a >= 40]
```

Kama kuna jina jingine linaloshika orodha ileile na unataka nalo lione mabadiliko, andika alama[:] upande wa kushoto. Na kama alama zinatoka kwenye input(), zigeuze kwanza kwa int(). Vinginevyo ni maandishi: kulinganisha maandishi na 40 kutasimamisha programu, na kujumlisha "70" na "80" kutakupa "7080".

SWALI: Kwa nini kwenye Python 0.1 + 0.2 == 0.3 inatoa False (si kweli)?
*Bila jina*

JIBU: Kompyuta huhifadhi desimali kwa msingi wa mbili, na 0.1 kwa msingi huo haina mwisho, kama 1/3 isivyo na mwisho kwa msingi wa kumi. Inakatwa, na jumla inatoka 0.30000000000000004. Usilinganishe desimali kwa ==; tumia math.isclose(x, y). Kwa fedha, hesabu senti kwa namba kamili, au tumia Decimal (aina ya namba ya Python inayohesabu kwa msingi wa kumi) na uipe maandishi, Decimal("0.1"). Ukiipa 0.1 bila alama za kunukuu utakuwa umeingiza kosa lilelile ndani yake.