Pikipiki ya mzee, Yamaha DT175, imekwama, kiki (pedali ya kuwashia) haishuki

Mkuu pole sana, ila hiyo injini bado inaokoleka. Umesema ilizima ghafla kwenye mlima, kiki haishuki, na plagi ina vitone vidogo vya rangi ya fedha. Hivyo vitone ni aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka, kwahiyo kiki usiilazimishe kabisa utavunja gia. Toa hedi, mimina dizeli iliyochanganywa na oili juu ya pistoni, iache siku mbili alafu gonga bloku (silinda inayobeba pistoni) taratibu na nyundo ya mbao.

Bloku ikitoka usikimbilie kununua pistoni, tafuta kwanza kilichoiua. Kagua pampu ya oili na mpira wake, kisha sili ya krenki (mpira unaoziba hewa kwenye ekseli inayozungushwa na pistoni) upande wa magneto, yaani upande wa kuzalisha umeme, maana ikikakamaa injini inavuta hewa, petroli inakuwa kidogo, pistoni inachemka mpaka inashika. Yangu ilinila pistoni mbili ndo fundi akanishikisha ile sili, ngumu kama plastiki! Shika na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) uivute juu chini, ikicheza hata kidogo beringi imekufa, ila kucheza pembeni kidogo ni kawaida.

Saizi ya kiwandani ya tundu la bloku ni milimita 66, nunua pistoni kubwa kidogo kwanza, mpelekee fundi wa kuchonga bloku aipime mkononi ndo apanue tundu la bloku kuifuata. Na osha sana ndani ya nyumba ya krenki, punje moja ya aluminiamu ikibaki itakula beringi mpya.